Faili Moja, Mwenyewe Mmoja

Wakenya wa Minnesota wakisikia hufanyi kazi ya kuuguza wazee, hukuuliza kwa upole kama kuna shida nyumbani. Mimi sikuwa na shida. Nilitunza kompyuta za kampuni moja ya bima katikati ya Saint Paul, kazi ya kukaa kwenye chumba baridi na kupanga nani afungue faili gani na nani asifungue. Mtu akiajiriwa, nampa ruhusa. Akifutwa, namnyang'anya kabla hajafika kwenye gari lake. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kumchukia wala kumpenda mtu, na usingizi nilipata.

Kanisani ndiko kulikonishinda. Tulisali Fridley, katika ghorofa ya chini ya kanisa la Wazungu waliotupangisha kwa mwisho wa wiki. Wengi wetu walikuwa Wakongo wa mashariki waliopitia kambini, na sisi Wakenya wachache tuliwafuata kwa sababu wanaimba kutushinda, hilo halina ubishi. Kila Jumamosi na kila Jumapili nilishika barabara kuu ya 694 kutoka Oakdale. Barabara ikiwa safi ni mwendo mfupi tu. Theluji ikianguka, Mungu ndiye anajua.

Miaka ya mwanzo ya hiyo elfu mbili na kumi kanisa lilipewa kompyuta kuukuu, na kwa kuwa nilijulikana kuwa mtu wa kompyuta, nikakabidhiwa. Niliweka mfumo wa Linux, maana ni wa bure na nilikuwa nimechoka kuondoa virusi vya watu. Nikamweleza mchungaji kwamba kila mtu atakuwa na jina lake la kuingilia na nenosiri lake. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Dada, sisi tuko mwili moja ndani ya Kristo. Weka jina moja."

"Mchungaji, hata mwili una mkono wa kulia na wa kushoto, na wa kushoto haupelekwi kwenye chakula."

Akacheka sana. Hakubadili neno.

Basi likawekwa jina moja, la kanisa, na nenosiri likaandikwa kwenye kipande cha plasta kikabandikwa juu ya kioo cha kompyuta. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni sawa na kuvua nguo barabarani. Ruhusa zote za kompyuta huanza na swali moja: wewe ni nani? Kila faili ina mwenyewe, ina kundi, halafu kuna wengine wote. Kila mmoja wa hao watatu anaweza kupewa kusoma, au kuandika, au kuiendesha faili kama ni programu. Ni hayo tu, na yaliyobaki ni mapambo tunayolipwa kuyajua. Lakini watu wote wakijibu kwa jina moja, wote ni mwenyewe, na swali limekufa. Nilisema, nikanyamaza. Kanisa si langu.

Aliyeitumia ile kompyuta kuliko wote ni kiongozi wa kwaya, Mkongo mmoja mrefu aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma na kutunga nyimbo akiwa kazini. Alirekodi mazoezi yote. Na alikuwa na desturi moja iliyoniudhi: akiingia tu chumbani, kabla hata ya kuvua koti, anawasha kurekodi. Kwa hiyo kila faili ilianza na kipande kirefu kisicho wimbo. Viti vinaburutwa, watu wanaamkiana, mtu anauliza chai iko wapi, na yeye anamtania mkewe, ambaye hakuwa mwimbaji bali alikuja naye kwa sababu gari lilikuwa moja. Nilimwambia diski inajaa maneno ya bure. Akanijibu, "Wacha ijae, dada. Siku moja nitakata."

Hakukata. Februari moja alianguka kazini asubuhi, moyo, na alipofikishwa hospitali hakuwepo tena. Tulizika kwenye ardhi iliyoganda ikabidi ichimbwe kwa mashine. Matanga yalikuwa kwao Fridley, kwenye nyumba ya kupanga, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi na jirani Mmarekani akipita kila mara anasema pole kwa lugha yake. Niliosha vyombo, nikarudi Oakdale.

Baada ya hapo nikaanza kumkuta mkewe kwenye ile kompyuta. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia vyakula hapo hapo Fridley, na Jumamosi akitoka zamu ya asubuhi alipitia kanisani kabla kwaya haijafika. Mimi nilikuja kusasisha programu. Yeye hedifoni masikioni, koti la kazini mwilini, anafungua faili, anasikiliza, na wimbo ukianza tu anafunga na kufungua nyingine. Nikamtazama akifanya hivyo mara kadhaa mpaka nikashindwa kujizuia.

"Mama, mbona hungoji wimbo?"

Akavua hedifoni. "Nyimbo niko naijua. Hata batoto banaijua. Mi nasikilizaka mbele ya wimbo." Akazungusha hedifoni mkononi. "Pale anasema na mimi."

Mbele, kwa Wakongo, ni kabla. Ndipo nikaelewa. Katika simu yake alikuwa na picha za mumewe tele, lakini hakuwa na ujumbe wake wa sauti hata mmoja. Walilala kitanda kimoja, wakapanda gari moja. Nani anamtumia mtu wa nyumbani sauti? Kila alichobaki nacho cha mumewe akizungumza kilikuwa humo, katika vile vipande nilivyoviita maneno ya bure. Sikumwambia kwamba niliwahi kuviita hivyo, na sioni kwa nini ningemwambia.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, na huyo ndiye aliyechukua kwaya. Alikaa Inver Grove Heights, mtu wa shati lililopigwa pasi, sikio kali, asiyependa mzaha mazoezini. Alimpenda kaka yake, hilo sina shaka nalo. Aliamua kutoa sidii ya nyimbo za marehemu ili ipigwe siku ya ukumbusho wa mwaka, na kila mtu akaona ni jambo la heshima. Akapata programu inayotafuta sauti ya kwanza ya wimbo na kukata kila kilichotangulia. Hakuwa hata akisikiliza. Anapanga faili, anabonyeza, anakwenda kunywa chai, na faili iliyokatwa inaandikwa juu ya ile ya zamani.

Shemeji yake, yaani mjane, alinipigia nikiwa kazini.

"Dada, imekatwa."

"Nini imekatwa?"

"Nimefungua, anaanza tu kuimba. Hakuna mbele. Hakuna kitu mbele!" Alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake nilisikia mashine za kiwanda. "Batamumaliza, dada. Banamukata-kata batamumaliza."

Jioni hiyo hiyo nilikwenda. Faili chache zilikuwa zimekwisha, nyingi zilikuwa bado. Akaniuliza kama zilizokatwa zinaweza kurudi. Nikamwambia hapana. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilichoandikiwa juu kimekwenda, na nakala hatukuwa nayo. Halafu nikampigia mchungaji nikamwambia, "Mchungaji, ule mwili mmoja umeanza kujikata." Safari hii alikubali kila mtu awe na jina lake.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Nikishatengeneza majina, kila faili ingehitaji kuandikiwa mwenyewe. Nikauliza swali langu la kiufundi, tena kwa upole, "Faili za marehemu niziandike jina la nani?" Kikaitishwa kikao.

Kilikaliwa baada ya ibada, viti vimezungushwa, chai ya maziwa na mandazi vimeletwa, maana Wakongo na Wakenya hakuna wanachoweza kuamua na tumbo tupu. Mdogo wa marehemu alisimama akafunga kifungo cha koti. "Kwetu, mutu akikufa, bitu yake inarudi kwa bandugu. Shemeji tunamuheshimu, hakuna mutu atamugusa. Lakini ile sauti iko ya famille. Ni mi nitaitunza."

Mwanamume mmoja akapendekeza waandikwe wote wawili, shemeji na shemeji.

"Haiwezekani," nikasema. "Faili moja ina mwenyewe mmoja."

"Hata bwana na bibi?"

"Hata pacha."

Mama mmoja mzee akauliza nani aliweka sheria ya namna hiyo. Nikamwambia ni Wamarekani fulani, zamani, mimi sijazaliwa. "Aaa, Wazungu," akasema, na kikao kizima kikaitikia kana kwamba nimeeleza kila kitu.

Wakajaribu njia ya kundi. Faili inaweza kuwa na kundi, nikawaambia, na kwaya ingekuwa kundi lake. Lakini mjane hakuwa mwanakwaya, na mdogo wa marehemu akasema mtu hawezi kuingizwa kwaya kwa ajili ya kompyuta, lazima aimbe. Watu wakacheka. Mjane hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili, na niliona anachongoja: mtu mmoja aseme kwamba aliyekuwa akiongeleshwa kwenye zile faili ni yeye. Hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa pale kama fundi, na fundi hachangii urithi.

Mchungaji akakata shauri. Mwenyewe, mdogo wa marehemu, kusoma na kuandika. Kundi, kwaya, kusoma. Wengine wote wenye majina kwenye kompyuta, kusoma pia, kwa amani ya nyumba ya Mungu.

"Wengine," mjane akasema. Ni neno pekee alilolitoa katika kikao kile.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilikasirika mpaka nikasikia masikio yanawaka. Tena hasira yangu ilikuwa na meno, kwa sababu katika kompyuta kuna akaunti moja iliyo juu ya zote, tunaiita root, isiyozuiwa na ruhusa ya faili yoyote, na nenosiri lake nilikuwa nalo mimi peke yangu. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Ningeweza kumwandika mjane, nikawaambia wale wazee tayari nimefanya walivyosema, na hakuna ambaye angejua kutazama. Lakini nikianza kuamua sauti ya maiti ni ya nani kwa sababu tu nenosiri ninalo, nitakuwa nimemzidi kwa ubaya yule bwana wa shati la pasi. Nikaketi, nikaandika jina la mdogo wa marehemu kwenye kila faili. Nikaifunga na folda yenyewe, kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili, kunategemea ruhusa ya folda iliyomo. Unaweza kuifunga faili kwa kufuli saba na mtu akaitoa nzima nzima kwa sababu folda iko wazi. Kompyuta haikujibu kitu. Mfumo ule ukitii hunyamaza. Husema tu ukikataa.

Nilipotoka nje kuwasha gari, mjane alikuwa amesimama kando yake kwenye baridi.

"Ile kusoma," akasema, "inanipa nini?"

"Inakupa kufungua na kusikiliza. Hukati, hubadilishi."

"Na yeye akikata?"

"Akikata imekatwa kwa wote."

"Donc, basi, kusoma haina faida."

"Ala! Ngoja kwanza nimalize." Nikamfungulia mlango aingie ndani ya gari, maana midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nikamweleza. Kwa kompyuta, kusoma ni kuchukua. Haina namna ya kujua kama wewe unasikiliza tu au unabeba. Inakupa yote, kipande kwa kipande, na unakoyapeleka ni shauri lako. Kwa hiyo anayeruhusiwa kusoma anaweza kunakili. Na nakala haiandikwi jina la mwenye faili ya kwanza. Inaandikwa jina la aliyenakili.

Akauliza polepole, "Kama ni mi nakopi, itaandikwa jina ya nani?"

"Lako."

"Haiandikwe ya famille?"

"Lako peke yako."

"Na banajua?"

"Hawakuuliza," nikasema. Na hilo ni kweli; nilikuwa pale muda wote, mandazi mkononi, na hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi iliyofuata tuliketi pamoja mbele ya kioo. Kibodi sikuigusa. Ningenakili mimi, nakala zingetoka na jina langu, na ningehitaji tena kutumia kisu changu kuzibadilisha. Nilitaka zitoke mkononi mwake. Alibonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja, anainua kichwa kutazama, anashuka tena. Nenosiri lake alinifichia kwa kiganja, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha hivyo, sikuwa na la kusema. Zilipokwisha kunakiliwa, nikamwonyesha namna ya kuziorodhesha ili aone jina la mwenyewe pembeni mwa kila moja. Jina lake lilishuka kutoka juu ya kioo mpaka chini. Akaweka kidole juu yake, akakiteremsha taratibu mpaka mwisho wa kioo, na machozi yakimtoka alisema tu kwamba kioo ni kichafu, nilete kitambaa.

Tukafunga. Mwenyewe, kusoma na kuandika. Kundi, hapana. Wengine, hapana. Mahali pa herufi za ruhusa pakabaki vistari.

"Hii mistari ni nini?"

"Ni watu wasioruhusiwa."

"Shemeji?"

"Mstari."

"Mchungaji?"

"Mstari."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema mstari. Angeniamini. "Mimi naweza kufungua," nikamwambia. "Ruhusa zote hizi hazinizuii. Lazima awepo mtu mmoja wa namna hiyo, la sivyo siku ukisahau nenosiri hakuna wa kukutoa."

Akanitazama sana. "Basi usisikie."

"Sitasikia."

Huo ndio mkataba wetu wote. Hakuna mashine inayoulinda.

Sidii ikatoka, siku ya ukumbusho ikapigwa, watu wakalia, na lazima niseme ilikuwa nzuri. Mgala muue na haki yake umpe: yule bwana ana sikio. Marehemu alisikika safi, kama aliyeimba katika chumba kisicho na mtu mwingine. Nilinunua moja, ikakaa ndani ya gari, nikaisikiliza 694 huku na huku mpaka mwanangu akajua nyimbo zote. Ukimwuliza nani anaimba anakujibu kwa Kiingereza kwamba ni yule mtu wa kanisani. Faili za asili zikakatwa zote, kwa ruhusa na kwa haki. Mjane aliendelea kuja Jumamosi, kuvaa hedifoni, na kuondoka kabla kwaya haijafika.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja ya Januari nilikuwa nje ya nyumba yangu Oakdale nazoa theluji ili gari litoke, mgongo unauma, nikaona gari linaegeshwa kando ya barabara. Mdogo wa marehemu. Akanisalimu, akanipokonya sepetu bila kusema kitu, akaanza kuzoa.

"Sema tu," nikamwambia. "Hakuna mtu anatoka Inver Grove Heights kuja kunizolea theluji."

Akazoa kidogo tena, kisha akasimama. "Nakumbuka vile anaimba. Vile anasema, imepotea. Nikifunga macho, ananiimbia tu. Namuuliza neno, anaimba." Alikuwa akiitazama theluji. "Nimesikia shemeji iko nazo. Zote, na mbele yake. Dada, nime-drive mpaka hapa juu ya hiyo. Fungua, nisikie. We uko chef, mukubwa wa ile machine."

"Naweza kufungua. Sifungui."

"Ni ndugu yangu!"

"Ni ndugu yako, na faili ni za mkewe. Kamwombe."

"Mi nimuombe shemeji sauti ya ndugu yangu?"

"Ndiyo. Kwa mdomo wako mwenyewe, na useme tafadhali."

Akasema kompyuta zimetufanya sisi Wakenya kuwa na roho ngumu. Nikamwambia roho ngumu tulikuja nayo, kompyuta tulizikuta huku. Akachomeka sepetu kwenye lundo, akaenda zake, nusu ya njia ikabaki na theluji yake. Nilimaliza mwenyewe nikimtukana kila sepetu.

Majira yote ya baridi alinisalimu kwa ncha za vidole. Mimi niliitikia, sikumkimbilia. Theluji ilipoanza kuyeyuka mjane akanipigia. Shemeji yake alimwomba kwa maneno gani sijui, na sikuuliza. "Jumamosi kuja, dada," aliniambia. "Sitaki kubakia naye peke yangu na ile sauti."

Nilipofika walikuwa wameketi mbali kidogo, kila mmoja na kiti chake. Mjane akasogea kwenye kibodi kuandika nenosiri, na shemeji yake, bila kuambiwa, akageuza uso ukutani mpaka alipomaliza. Mimi nikasimama nitoke, maana ahadi ni ahadi. "Bakia," mjane akaniambia. Akachomoa waya wa hedifoni. Kisha akashuka kwenye orodha ile ndefu bila kusitasita, akafungua moja, na ilikuwa wazi kwamba anajua kilichomo ndani ya kila faili.

Viti vikaburutwa. Mwanamke akacheka, na nilichelewa kutambua ni mjane mwenyewe, maana siku hizi hachekagi hivyo. Kikombe kikawekwa mezani. Mtu akasema tuanze, saa imepita. Halafu marehemu akasema, na sauti yake ya kusema ilikuwa nzito na ya taratibu, tofauti kabisa na ya kuimba; nami pia nilikuwa nimeisahau.

"Apana. Mudogo yangu hajafika. Tutamungoja."

"Theluji hii? Pengine hatakuja."

"Atakuja. Hatuimbe bila yeye."

Na wakangoja. Kurekodi kulikuwa kunaendelea, kwa hiyo kungoja kwao kote kulikuwa humo. Mtu akakohoa. Bomba la joto likagonga. Mtoto akauliza kitu kwa Kiingereza akanyamazishwa. Sisi watatu tukaketi tukiwasikiliza watu wanaongoja, muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kusogeza mbele. Mwishowe mlango ukafunguka, viatu vikakung'utwa theluji, na ile sauti ikasema kwa furaha ya mtu aliyekuwa na wasiwasi kisha ukamtoka, "Voilà! Si niliwaambia? Kaa hapa karibu yangu. Sasa tuimbe."

Mjane akasimamisha kabla ya sauti ya kwanza ya wimbo.

Yule bwana alilia. Alilia mikono ikiwa juu ya magoti, kamasi zikimtoka, hakujifuta. Mimi nikatazama kibodi.

"Ile ni mi nilikata," akasema.

"Ndiyo," mjane akasema.

"Sikuisikia. Shemeji, sikuisikia hata."

"Najua."

Alipotulia akanigeukia mimi, akaniuliza kama anaweza kubeba hiyo moja tu kwenye simu yake. Nikamwonyesha mwenyewe kwa kidevu. Akamgeukia. "Shemeji, naomba. Nibebe hii moja."

Mjane alifikiri. Niliona anafikiri kweli, hakuwa akimwadhibu. "Apana," akasema. "Ukibeba, utaisikia ndani ya gari, utaisikia ukipika, kesho haitakuwa kitu. Ukitaka kumusikia, kuja Jumamosi. Mi nitafungua."

Ruhusa ya namna hiyo, ya kusikia bila kubeba, haimo katika mfumo wowote niliowahi kuutunza. Nilivaa glavu zangu, nikawaaga.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema kubadilisha diski iliyokuwa imeanza kulia. Kompyuta ilikuwa imezimwa, kioo cheusi. Mbele yake alikuwa ameshaketi mdogo wa marehemu, koti bado mwilini, mikono juu ya magoti, akimngoja shemeji yake.